Chakula cha Shule na Mavuno Yanayopotea: Mafunzo Kutoka Sheria ya Brazili

SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA WA VYAMA VYA MSINGI

Katika vijiji vingi jambo moja hujirudia kila mwaka. Mwezi wa Julai au Agosti mkulima huuza mahindi yake kwa bei ya chini, kwa kuwa ghala lake ni bovu na shida ya fedha imembana. Ifikapo Februari, shule iliyo karibu na shamba lake hutafuta mahindi ya chakula cha wanafunzi. Ama huyanunua kwa mfanyabiashara wa mjini kwa bei ya juu, ama huyakosa kabisa. Katika miezi iliyopita katikati, magunia kadhaa yameliwa na dumuzi na mengine yameota ukungu. Mkulima amepata hasara, shule imepata hasara, na mtoto ameketi darasani na njaa.

Somo hili linaeleza jinsi sheria na utaratibu mwema vinavyoweza kuziba pengo hilo. Tumechagua nchi ya Brazili kuwa mfano, kwa sababu huko sheria ya chakula cha shule imeandikwa ikimtaja mkulima mdogo na ushirika wake waziwazi, na kanuni zake zinagusa pia suala la chakula kinachotupwa. Hatusomi habari za nchi ya mbali ili kuzistaajabia tu. Tunazisoma ili tujue ni mambo gani yanahitaji sheria ya nchi, na ni mambo gani chama cha msingi kinaweza kuyaanza chenyewe.

LENGO LA SOMO

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza jinsi Brazili ilivyoliingiza soko la shule katika sheria;

(b) kutaja sababu zinazomfanya mkulima mdogo alikose soko hilo hata pale sheria inapompa haki;

(c) kukokotoa mahitaji ya shule moja na hasara ya chakula kinachotupwa;

(d) kusaidia chama chake kuandaa mapatano na shule.

1. JINSI BRAZILI ILIVYOIFIKIA SHERIA YAKE

Mpango wa chakula cha shule wa Brazili ulianza mwaka 1955 kwa amri ya serikali. Mwaka 1988 Katiba mpya ya nchi hiyo ilitamka kwamba chakula ni sehemu ya wajibu wa dola kwa mwanafunzi. Hata hivyo, kwa miaka mingi ununuzi uliendeshwa kutoka makao makuu. Chombo kimoja cha serikali kilinunua vyakula kwa wingi, aghalabu vyakula vya viwandani na unga wa supu, kisha kikavisafirisha kwenda pande zote za nchi iliyo kubwa kupita kiasi.

Matokeo yake mwanaushirika yeyote angeyakisia. Chakula kilifika kwa kuchelewa. Kingine kilifika kikiwa kimekaribia kuharibika, na kingine kilikuwa kigeni kwa watoto waliotakiwa kukila. Mkulima wa wilaya husika aliyaona malori yakipita mbele ya shamba lake yakipeleka chakula cha mbali kwa mtoto wake mwenyewe.

Tarehe 12 Julai 1994 ilipitishwa sheria iliyogatua kazi hiyo. Fedha zikaanza kupelekwa kwenye majimbo na wilaya, na ununuzi ukafanyika karibu na jiko. Sheria hiyo ilitaka pia kila mahali pawepo Baraza la Chakula cha Shule la kusimamia matumizi. Kugatua kulipunguza mwendo wa chakula, lakini hakukumhakikishia mkulima mdogo kwamba atanunuliwa. Palepale wilayani, mwenye mtaji mkubwa ndiye aliyeshinda zabuni.

2. SHERIA YA MWAKA 2009

Tarehe 16 Juni 2009 ilitiwa saini Sheria Namba 11.947. Kifungu chake cha 14 kiliamuru kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula zinazotolewa na Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Elimu zitumike kununua mazao moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa familia au vyama vyao. Sheria nyingine, ya mwaka 2006, ilikuwa imekwisha kueleza mkulima wa familia ni nani: ni yule ambaye shamba lake halizidi kiwango maalumu, anayetegemea zaidi nguvu kazi ya familia yake, na anayeliendesha shamba pamoja na familia hiyo.

Yafaa tuyaangalie mambo manne ya sheria hiyo na kanuni zake.

Kwanza, ununuzi huo uliruhusiwa kufanyika bila zabuni ya kawaida, mradi bei ilingane na bei ya soko la mahali na mazao yatimize masharti ya ubora. Badala ya zabuni, wilaya hutoa tangazo la hadhara likitaja aina ya chakula, kiasi, tarehe na bei. Wakulima nao hujibu kwa kuleta mpango wao wa mauzo. Kwa njia hii bei hujulikana tangu mwanzo, na mashindano huwa juu ya nani wa karibu na nani amejipanga.

Pili, kanuni huwapa nafasi ya mbele wakulima wa mahali penyewe. Wanaposhindana walio wa eneo moja, jamii za wenyeji wa asili, wazao wa watumwa waliojikomboa na wakulima waliogawiwa ardhi hupewa kipaumbele. Aidha, kikundi kilichosajiliwa, kama vile chama cha ushirika, humtangulia mkulima anayekuja peke yake.

Tatu, kuna kikomo cha mauzo kwa kila familia kwa mwaka. Mwaka 2009 kikomo kilikuwa reali 9,000, mwaka 2012 kikawa reali 20,000, na mwaka 2021 kikapandishwa hadi reali 40,000. Chama huruhusiwa kuuza kwa kuzidisha kikomo hicho kwa idadi ya familia zinazoshiriki. Maana yake ni kubwa. Mkulima mmoja tajiri hawezi kujificha nyuma ya jina la chama akauza peke yake, kwa kuwa mauzo ya chama hupimwa kwa familia zilizomo.

Nne, Baraza la Chakula cha Shule lilipewa nguvu. Lina wajumbe saba: mmoja wa serikali, wawili wa wafanyakazi wa elimu na wanafunzi, wawili wa wazazi, na wawili wa vyama vya kiraia. Hukaa kwa miaka minne bila mshahara, na mjumbe wa serikali haruhusiwi kuwa mwenyekiti. Pasipo baraza, serikali kuu yaweza kusimamisha fedha.

Sheria hiyo imeendelea kurekebishwa. Sheria ya mwaka 2025 imepandisha fungu la wakulima wa familia kutoka asilimia 30 hadi asilimia 45, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mpango wenyewe huwahudumia wanafunzi wapatao milioni 40.

Hata hivyo, si kila wilaya ya Brazili iliyofikia kiwango kilichoamriwa tangu mwaka 2009. Kwa nini haki iliyoandikwa isitimie? Jibu limo ndani ya sheria yenyewe.

3. MILANGO MITATU YA KUPOTEZA SOKO

Kifungu kilekile cha 14 kiliruhusu wilaya kuliacha sharti la asilimia 30 ikiwa moja ya sababu tatu itathibitika:

(i) muuzaji hawezi kutoa hati halali ya mauzo;

(ii) muuzaji hawezi kuleta chakula kwa mfululizo na kwa wakati;

(iii) hali ya usafi na afya ya chakula hairidhishi.

Ndugu wanachama, tuzisome sababu hizi polepole. Hakuna hata moja inayosema kwamba mkulima mdogo hana chakula. Chakula anacho. Anachokosa ni stakabadhi, ratiba na ghala safi. Mambo hayo matatu ni mzigo mzito kwa mtu mmoja mwenye ekari mbili, lakini ni kazi ya kila siku ya chama cha ushirika kinachoendeshwa vizuri. Katibu huandika hati. Bodi hupanga zamu za kuleta mazao. Mtunza ghala hupima na kukagua.

Tena, mambo hayohayo matatu ndiyo chanzo cha upotevu wa chakula. Pasipo hati, hakuna ajuaye kilichoingia na kilichotoka. Pasipo ratiba, shule hupokea magunia yote kwa siku moja na kuyarundika kwenye chumba kisicho na hewa. Pasipo usafi, kinachookolewa leo hutupwa kesho. Kwa hiyo chama kinachojiandaa kuuza kwa shule kinajiandaa pia kuzuia hasara. Ni kazi moja yenye faida mbili.

4. JINSI KANUNI ZINAVYOKABILI CHAKULA KINACHOTUPWA

Watu wengi wakisikia habari ya chakula kutupwa huwaza makombo ya kwenye sahani. Makombo ndiyo mwisho wa safari. Mfano wa Brazili unaonyesha hatua nne ambazo upotevu waweza kuzuiwa.

Hatua ya kwanza ni orodha ya vyakula. Orodha hupangwa na mtaalamu wa lishe, naye hutakiwa kuheshimu desturi za ulaji na mazao ya mahali hapo. Chakula ambacho mtoto anakijua nyumbani hakibaki sahanini.

Hatua ya pili ni kuonja kabla ya kununua kwa wingi. Chakula kipya kinapotaka kuingizwa, kanuni huagiza kipimwe kwa wanafunzi. Mojawapo ya njia ni kupima uzito wa chakula kilichopakuliwa, kisha kupima kilichorudi. Chakula hukubalika endapo angalau asilimia 90 ya kilichopakuliwa imeliwa. Njia nyingine ni kuwauliza wanafunzi kwa kipimo cha kupenda au kutopenda, na hapo kiwango cha chini ni asilimia 85. Kwa hiyo wingi wa makombo hauachwi kuwa lawama kwa mpishi au kwa mtoto. Ni hesabu inayoweza kubadili ununuzi.

Hatua ya tatu ni muda wa matumizi. Sheria ya 2025 iliyotajwa hapo juu inataka vyakula vyenye tarehe ya mwisho vifike shuleni vikiwa bado vina zaidi ya nusu ya muda wake. Makusudi yake ni kuwazuia wauzaji wasiigeuze shule kuwa mahali pa kumalizia bidhaa zilizochacha.

Hatua ya nne ni ziada. Shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, chakula kilichokwisha nunuliwa kingeozea maghalani. Sheria ya tarehe 7 Aprili 2020 iliruhusu kigawiwe kwa wazazi wa wanafunzi. Mwezi wa Juni mwaka huohuo ikapitishwa sheria nyingine, Namba 14.016, kuhusu ziada ya chakula kwa jumla. Iliwaruhusu wenye biashara za chakula, vikiwemo vyama vya ushirika, kutoa bure ziada iliyo salama, hata ikiwa ni chakula kilichopikwa. Masharti yake ni kwamba muda wa matumizi uwe haujapita, hifadhi iwe imefuatwa, na usalama wa chakula usiwe umeharibika hata kama kifungashio kimeumia au sura yake haivutii sokoni. Mtoaji huwajibika kwa madhara ikiwa tu alitenda kwa kukusudia. Kabla ya hapo hofu ya kushtakiwa ilikuwa sababu ya wengi kutupa badala ya kutoa.

Fedha za mpango huu si nyingi kwa kila mtoto. Mwaka 2023 mchango wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa kawaida wa shule ya msingi au sekondari uliongezwa kutoka senti 36 za reali hadi senti 50 kwa siku, na majimbo na wilaya hutakiwa kuongeza zao. Palipo na senti chache, kila kijiko kinachotupwa kina uzito.

5. HESABU KWA AJILI YA CHAMA CHETU

Sasa turejee nyumbani. Hapa Afrika Mashariki fikra ya kununua chakula cha shule karibu na shule si ngeni. Mwaka 2009 Kenya ilianza mpango ambao fedha hupelekwa shuleni ili chakula kinunuliwe katika soko la jirani. Hapa Tanzania, ada ilipofutwa katika shule za umma kuanzia Januari 2016, chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la wazazi na jamii. Wazazi hao, kwa sehemu kubwa ya vijiji vyetu, ndio wanachama wa vyama vya msingi. Yaani mnunuzi na muuzaji wanakaa kitongoji kimoja.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Shule ina wanafunzi 400, na chakula ni makande kwa siku 190 za masomo. Kila mwanafunzi apewe gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage, zikipimwa kabla ya kupikwa.

Mahindi kwa siku: 400 × gramu 120 = kilo 48.
Maharage kwa siku: 400 × gramu 40 = kilo 16.
Mahindi kwa mwaka: 48 × 190 = kilo 9,120.
Maharage kwa mwaka: 16 × 190 = kilo 3,040.

Wakishiriki wanachama 40 kwa usawa, kila mmoja ataleta kilo 228 za mahindi na kilo 76 za maharage kwa mwaka mzima. Kiasi hicho hakimzidi nguvu mkulima wa kawaida, wala hakimnyimi akiba ya nyumbani. Kwa mwezi wenye siku 20 za masomo, shule itahitaji kilo 960 za mahindi na kilo 320 za maharage, mzigo ambao chama chaweza kuupeleka kwa safari moja.

Sasa tupime kinachotupwa. Tuseme makande yaliyopakuliwa siku moja yana uzito wa kilo 160, na yaliyorudi yana uzito wa kilo 24.

24 ÷ 160 × 100 = asilimia 15.

Kilicholiwa ni asilimia 85. Kwa kipimo cha Brazili, chakula hicho kimeshindwa mtihani. Asilimia 15 ya kilo 64 za nafaka na maharage makavu ni kilo 9.6 kwa siku, nazo kwa siku 190 ni kilo 1,824. Hayo ni magunia 18 ya kilo 100 na zaidi, yaliyolimwa, kupaliliwa, kuvunwa, kupukuchuliwa, kubebwa na kupikwa kwa kuni, kisha yakamwagwa.

Iwapo sababu itatafutwa, na kinachorudi kikapungua hadi asilimia 5, hasara itakuwa kilo 608 kwa mwaka. Kilichookolewa ni kilo 1,216. Tugawe kwa kilo 64 za kila siku: ni siku 19 za chakula cha shule nzima. Siku hizo 19 hazikuhitaji mvua nyingine wala ekari nyingine.

Sababu za chakula kurudi aghalabu ni za kawaida: maharage ya zamani yasiyoiva, makande yaliyoungua, chumvi iliyokosekana, mahindi yenye chenga na mchanga, muda mfupi wa kula, au mtoto mdogo kupakuliwa sawa na mkubwa. Nyingi kati ya hizo zinatokana na ubora wa kile kilicholetwa. Hapo chama kina sauti, na kina wajibu.

6. TAHADHARI: CHAKULA KIBOVU SI AKIBA

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi mabichi huoza, na yaweza kuua. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya kati, waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Sumu hii hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi.

Kwa hiyo kupunguza upotevu kusieleweke kuwa ni kuwalisha watoto kile ambacho kingetupwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Chama kiwe na kipima unyevu. Mahali ambapo hakijapatikana, mkulima aweza kuanza na jaribio la chumvi: atie chumvi kavu na punje za mahindi katika chupa ya kioo iliyo kavu, atikise, na aache kidogo. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi na yarudishwe juani juu ya turubai. Isipogandamana, hiyo ni dalili njema tu. Kipimo cha mwisho kibaki kile cha kifaa. Mahindi yaliyoota ukungu yatengwe, yaandikwe daftarini, wala yasichanganywe na mazuri kwa kutumaini kwamba hayataonekana.

Vilevile makombo yaliyokwisha kuguswa sahanini yasigawiwe watu wengine. Yatengwe kwa ajili ya mboji. Ziada inayofaa kugawiwa ni ile iliyobaki sufuriani, safi na ya moto, na igawiwe palepale.

7. MAMBO YA KUTEKELEZA

Chama kisisubiri sheria ya asilimia ndipo kianze. Wala chama kisifikiri kwamba sheria ikija italeta soko lenyewe. Tumeona kwamba hata Brazili, penye amri ya bunge, asiye na hati, ratiba na ghala safi hubaki nje. Basi tufanye yafuatayo:

(1) Katibu akutane na Mwalimu Mkuu na kamati ya shule baada ya mavuno, kabla wanachama hawajauza mazao yao. Aandike idadi ya wanafunzi, siku za masomo, na kiasi kinachohitajika kwa kila mwezi.

(2) Bodi ipeleke jambo hili kwenye Mkutano Mkuu. Wanachama waamue ni familia ngapi zitashiriki na kikomo cha kila moja, ili soko lisihodhiwe na wachache walio karibu na uongozi.

(3) Mapatano yawe ya maandishi. Yataje aina ya zao, kipimo cha unyevu, uzito, tarehe za kupeleka, bei na jinsi itakavyorekebishwa, siku ya malipo, na nani atachukua hasara ikiwa mzigo utakataliwa.

(4) Mzigo upelekwe kwa mafungu ya mwezi. Sehemu iliyobaki itunzwe katika ghala la chama, juu ya chaga, mbali na ukuta, au katika mifuko isiyopitisha hewa.

(5) Kila mzigo uwe na hati ya makabidhiano ya nakala mbili, yenye sahihi ya mtunza ghala na ya mpokeaji shuleni. Mizani ya pande zote mbili ikaguliwe.

(6) Chama kisikopeshe shule bila uamuzi wa wanachama. Shule nyingi hungoja michango ya wazazi, na mtaji wa chama ni jasho la wengi. Ambapo mzazi ni mwanachama, yaweza kukubaliwa kwamba mchango wake wa chakula ukatwe kwenye mazao aliyoyaleta, na stakabadhi iandikwe.

(7) Mara moja kila muhula, shule na chama wapime pamoja chakula kinachorudi, kwa siku tatu mfululizo. Hesabu isomwe katika mkutano wa wazazi. Lengo liwe kutafuta sababu, si kumtafuta wa kulaumiwa.

(8) Iundwe kamati ndogo ya chakula yenye walimu, wazazi, mpishi na mjumbe wa chama. Mwenyekiti asiwe yule anayeshika fedha.

HITIMISHO

Ndugu Makatibu, Ndugu Wanachama, historia ya Brazili kuanzia mwaka 1955 hadi leo ni safari ya kukileta chakula karibu na mtoto: kwanza kutoka makao makuu hadi wilayani, kisha kutoka kwa mfanyabiashara mkubwa hadi kwa mkulima wa familia. Sheria ilifungua mlango. Waliopita ni wale waliofika wakiwa pamoja, na daftari mkononi.

Sisi tuna jambo moja jepesi zaidi kuliko wao. Shule zetu za kijiji na mashamba yetu havitenganishwi na safari ndefu. Vinatenganishwa na mapatano ambayo hayajaandikwa. Mwezi wa Julai usitukute tena tukisubiri mnunuzi apite na lori, hali watoto wetu wenyewe ndio wanaohitaji mahindi hayo mwezi wa Februari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA CHAMA

1. Ni sababu zipi tatu ambazo Sheria ya Brazili ya mwaka 2009 ilizitaja za kuliacha sharti la asilimia 30? Ni ipi kati yake ingekizuia chama chetu leo?

2. Kwa nini kikomo cha mauzo kwa kila familia ni kinga ya ushirika? Je, chama chetu kiweke kikomo gani?

3. Kokotoa mahitaji ya mahindi na maharage ya shule ya kijiji chenu kwa mwezi mmoja na kwa mwaka, kwa kutumia idadi halisi ya wanafunzi.

4. Shule ilipakua kilo 200 za makande na zikarudi kilo 30. Ni asilimia ngapi iliyoliwa? Je, imefikia kiwango cha asilimia 90? Taja sababu tatu mtakazozichunguza kwanza.

5. Mwanachama ameleta magunia matano, na mawili yana ukungu. Anaomba yachanganywe ili asipate hasara. Katibu amjibu nini, na chama kimsaidieje mwaka ujao?